Faili la Mjomba Gilvan

Siku za shule, Jussara Batista aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama yake, Neide, alikuwa fundi wa kushona jezi, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amekwisha kuunga mikono ya jezi mbili tatu. Jussara alikunywa kahawa ya maziwa, akala kuskusi ya mahindi kwa yai, kisha akateremka mtaa wa Olaria kwenda shule pamoja na binamu yake Edvânia, ambaye watu wote walimwita Vânia. Saa sita mchana walirudi. Wali na maharage, kuosha vyombo, kazi za shule. Ndipo zilipofika zile saa mbili ambazo Jussara alikuwa akizisubiri tangu asubuhi, saa zake za kompyuta.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya Mjomba Gilvan, kaka yake Neide. Mjomba alikwenda kufanya kazi ya ufundi wa injini kwenye meli za abiria za Mto Amazonas, na kabla ya kuondoka mjini kwao, Campina Grande, alimwachia mpwa wake kompyuta pamoja na sharti moja tu.

"Folda hii yenye jina la klabu yetu ya mpira usiiguse," alimwambia. "Mengine yote ni yako. Cheza, chora, fanya utakavyo. Hii iache."

Jussara alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kutengeneza filamu fupi kwa vipande vya vitambaa. Alikata mbuzi, watu na nyumba kutoka kwenye mabaki ya mama yake, akavipanga juu ya meza, akapiga picha moja, akasogeza mguu wa mbuzi kidogo, akapiga nyingine. Picha mia mbili zilimpa mbuzi anayetembea kwa muda mfupi tu. Lakini picha hula nafasi, na siku moja mwishoni mwa Julai kompyuta ikamwambia kwamba nafasi imekwisha.

Alitafuta cha kufuta. Hakukuwa na kitu kikubwa isipokuwa faili moja ndani ya folda ya klabu, gigabaiti nne na ushei. Faili hilo lilikuwa nakala nzima ya diski ya mchezo. Mjomba Gilvan na rafiki zake wawili waliutengeneza wenyewe walipokuwa wanafunzi wa chuo cha ufundi, kwa muda wa miaka mitatu, ili uchezwe kwenye mashine ya michezo ya zamani iliyounganishwa na televisheni. Ulikuwa mchezo wa mpira wa miguu, na timu zake zilikuwa timu za mitaani kwao. Kiwanja kilikuwa kile kile cha klabu ya mtaa, Estrela da Olaria, chenye mteremko upande wa kusini na ukuta wenye nguo zilizoanikwa. Hata mbwa aliyezoea kuingia uwanjani walimweka.

Jussara hakufuta. Aliona video ya kijana mmoja aliyeeleza jinsi ya kubana faili la namna hiyo likapungua kwa zaidi ya nusu. Alipakua programu, akachomeka fleshi ili faili dogo liingie humo, akabonyeza, akangoja. Faili likatoka likiwa halifiki gigabaiti mbili. Akalijaribu papo hapo kwenye kompyuta, kwa programu inayoigiza ile mashine ya michezo, na mchezo ukachezeka vizuri bila kasoro. Basi akalifuta lile kubwa.

"Sikuligusa," alijiambia. "Nimelipunguza tu."

Akarudi kwa mbuzi wake.

*

Katikati ya Agosti klabu ya Estrela da Olaria ilikuwa ikitimiza miaka arobaini. Sherehe ilipangwa kuwa Jumamosi, na kamati iliamua kuwa na mashindano ya ule mchezo wa Gilvan, mbele ya watu wote, kwenye televisheni kubwa. Sababu kubwa ya uamuzi huo ilikuwa Mzee Anísio.

Kwa miaka thelathini Mzee Anísio alikuwa ndiye mtangazaji wa mechi za mtaa, kwa kipaza sauti cha klabu na kwa redio ndogo iliyokuwa karibu na soko. Watu walisema akitangaza goli, mkate ulidondoka kwenye meza za mtaa wa pili. Miaka mitatu iliyopita aliugua koo. Madaktari walimwokoa kwa upasuaji, lakini sauti haikurudi. Sasa alizungumza kwa daftari dogo lililoning'inia shingoni pamoja na kalamu. Redio ilikuwa imefungwa zamani na kanda zake zilitupwa. Sauti ya Mzee Anísio ilibaki mahali pamoja tu: ndani ya mchezo, kwa sababu Gilvan alikuwa amemrekodi akitangaza, kwenye bafu la nyumba yao, godoro likiwa limeegemezwa mlangoni kuzuia kelele za barabarani.

Jumanne alasiri Shangazi Zuleide, mama yake Vânia na katibu wa klabu, aliichukua diski ya mchezo kwenye kabati la vikombe. Ilikuwa na mikwaruzo kama ubao wa kukatia nyama. Aliijaribu nyumbani kwake mbele ya Neide na Jussara, lakini mashine haikuisoma kabisa.

"Usihangaike, wifi," alisema Neide. "Faili lenyewe lipo nyumbani kwenye kompyuta ya Gilvan. Jussara atachoma diski nyingine, alinakili humo. Sivyo, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama," alisema Jussara, na wakati huo hakuwa na wasiwasi wowote.

Jumatano alifika klabuni na diski mpya. Vânia alikuwa amekwisha kuileta mashine kutoka kwao akiwa ameikumbatia kifuani.

"Usije ukasikia kutoka kwa watu, Mama," Vânia alimwambia mama yake kwa mzaha kidogo, "kwa hiyo nasema mwenyewe. Nimeigonga getini. Kidogo tu. Kwenye kona hii."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza Zuleide.

"Kidogo cha kawaida, Mama."

Waliweka diski. Mashine ikalia, ikazunguka, ikanyamaza. Kwenye televisheni yakatokea maandishi: diski hii haisomeki. Waliitoa, wakaifuta kwa fulana, wakairudisha. Jibu likawa lile lile.

"Kidogo cha kawaida!" alisema Zuleide. "Tazama sasa! Mikono ya sabuni wewe!"

Vânia aliinama akaitazama kona ya mashine. Jussara aliinama kumsaidia kuipangusa, na hapo ghafla akashtuka. Alikumbuka faili lililokuwa dogo. Alikumbuka kwamba aliujaribu mchezo kwenye kompyuta tu, hakuujaribu kwenye mashine yenyewe.

Angeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi. Lakini shangazi alikuwa amekasirika, wanakamati wanne walikuwa wamesimama, na Jussara akaona ni afadhali alitengeneze kwanza, halafu hapatakuwa na cha kusema.

*

Aliporudi nyumbani aliangalia jina la faili. Lilimalizikia kwa herufi tatu ambazo hazikuwa zile za kwanza. Akafikiri labda tatizo ni jina tu, akazifuta herufi zile, akaandika za zamani, akachoma diski ya pili. Alhamisi mchana, kabla ya chakula, alikimbia nayo klabuni. Haikusomeka. Ilikuwa kama kubandika karatasi iliyoandikwa sukari kwenye kopo la chumvi. Ndani ilibaki chumvi.

Akarudi, akaitafuta ile programu, akaona kwamba kulikuwa na kitufe cha kurudisha faili lililobanwa katika umbo lake la kawaida. Moyo ukamdunda kwa furaha. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kusogea, ukafika zaidi ya nusu, ukasimama. Maandishi mekundu madogo ya Kiingereza yakatokea chini. Jussara hakuyasoma. Aliona faili jipya limetokea, lina jina sahihi, na hilo likamtosha. Akalichoma.

Safari hii mashine ilikubali. Nembo ya Estrela da Olaria ikatokea kwenye televisheni, nyota ya njano juu ya tofali jekundu, na watu waliokuwa wakipanga viti wakapiga makofi. Jussara akavuta pumzi. Kisha nembo ikaganda. Wakasubiri dakika moja, mbili, tano. Nyota ilibaki pale pale.

"Basi imekufa kweli," alisema Zuleide polepole. Hakupiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Vânia, hata tukipata mashine nyingine, Jumamosi hutacheza chochote. Utakaa mlangoni upokee makoti ya wageni. Labda utajifunza kubeba vitu vya watu."

Vânia alikuwa mchezaji bora wa ule mchezo katika mtaa mzima. Aligeukia viti, akaanza kuvipanga. Machozi yalimjaa lakini hakuyaacha yatoke.

Mzee Anísio alikuwa juu ya ngazi akifunga bendera za karatasi. Alishuka ngazi moja moja, akachukua daftari lake, akaandika, akampa Zuleide. Jussara alisoma akiwa ubavuni mwake: *Mwacheni mtoto. Ni sauti tu. Nilikwisha kuitumia vya kutosha.*

Wanakamati wakacheka kidogo, kama watu wanaotaka kumsaidia aliyetoa mzaha. Mzee Anísio naye akatabasamu. Lakini alipogeuka kurudi kwenye ngazi, Jussara aliuona uso wake pembeni, na tabasamu halikuwapo.

Jussara hakukimbia kwenda nyumbani. Alitembea, na kila hatua ilikuwa nzito. Mama yake alikuwa akishona namba mgongoni mwa jezi.

"Mama."

"Mm."

"Mashine haijaharibika. Ni mimi."

Cherehani ikanyamaza. Jussara alieleza yote bila kupumzika: nafasi iliyokwisha, video ya kijana, faili kubwa alilolifuta, herufi alizobadilisha, nembo iliyoganda. Neide alimsikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kitambaa.

"Mjomba alikuambia nini kuhusu ile folda?"

"Nisiiguse."

"Na leo ameadhibiwa nani?"

Jussara alijifunika uso kwa mikono. Alilia. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akasimama akakung'uta nyuzi kwenye gauni.

"Haya, nawa uso. Faili tutalishughulikia, mimi sijui vipi, lakini tutamtafuta anayejua. Kwanza twende kwa Vânia."

"Twende sasa hivi?"

"Ulitaka alie mpaka lini?"

Vânia alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yao, akiwa ameshika ubua wa majani akiuchana vipande vipande. Jussara alisimama mbele yake akasema. Alisema tena mbele ya shangazi, aliyetoka jikoni na mwiko mkononi. Zuleide alimtazama binti yake, akashusha mwiko.

"Siku mbili!" Vânia alisema. "Siku mbili naitwa mikono ya sabuni, na wewe unanitazama tu! Jana ulinisaidia hata kuipangusa ile kona!"

"Najua."

"Uliipangusa, Jussara! Kona yenyewe iko nzima, na wewe ukaipangusa!"

"Najua. Nisamehe. Niliogopa."

Vânia alitupa majani. Aliyafagia kwa mguu mpaka kizingiti kikawa safi. Mwisho akauliza, bado kwa hasira, "Sasa linarudi au halirudi?"

"Sijui."

"Basi tukamwulize Mwalimu Lucinete. Usinishike mkono. Bado nimekasirika."

*

Mwalimu Lucinete alifundisha kompyuta shuleni kwao. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mwekundu, na hakuwa na haraka na kitu chochote duniani. Ijumaa, masomo yalipokwisha, wasichana wawili na Neide walimkuta kwenye chumba cha kompyuta akila tapioka, chapati ya wanga wa muhogo, yenye jibini.

"Lile lililobanwa lipo bado?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Lipo, Mwalimu. Lipo kwenye fleshi hii, pamoja na folda yote ya Mjomba."

"Na ulilibadilisha kitu chochote ndani?"

"Jina tu. Nilibadilisha mwisho wa jina, halafu nikarudisha."

"Jina halidhuru. Vizuri." Mwalimu alifuta vidole kwa karatasi, akaichomeka fleshi. Hakubonyeza kitufe cha kurudisha. Badala yake alinakili folda nzima kwenye kompyuta ya shule, kisha kwenye diski nyingine ya kando, na akaitoa ile fleshi akamrudishia Neide. "Weka kwenye mkoba, mama. Hiyo isirudi mezani mpaka tumalize. Tukiharibu hapa, tutaanza tena kutoka kwako."

Neide aliifunga fleshi kwenye leso, akaitia ndani kabisa ya mkoba.

"Jussara, unaelewa ulichokifanya?" aliuliza Mwalimu.

"Nililibana ili liwe dogo."

"Mama yako akinunua godoro jipya la sponji, huja limekunjwa ndani ya mfuko uliotolewa hewa. Godoro ni lile lile, hakuna sponji iliyopotea. Lakini huwezi kulilalia likiwa hivyo. Programu ya kompyuta yako inajua kuufungua ule mfuko kidogo kidogo wakati unacheza. Ile mashine ya zamani haijui. Ilitengenezwa kabla ya mifuko hiyo kuwapo. Inataka godoro lililotandazwa."

"Kwa hiyo halijaharibika?" aliuliza Vânia.

"Tutaona. Sasa niambie, kwa nini jana liligoma katikati?"

Jussara alitazama chini. "Kulikuwa na maandishi mekundu. Sikuyasoma."

"Yalisema nini, unadhani?"

Jussara alifikiri. Faili kamili lilihitaji gigabaiti nne na ushei. Kompyuta yake, kwa sababu ya mbuzi na nyumba za vitambaa, ilikuwa imebakiwa na nafasi ya gigabaiti tatu tu.

"Nafasi ilikwisha," alisema. "Godoro halikuenea chumbani."

"Umeona? Ulichoma nusu ya godoro."

Vânia alicheka kabla ya kukumbuka kwamba bado ana hasira.

Mwalimu aliwaonyesha nafasi iliyobaki kwenye kompyuta ya shule, ilikuwa tele, ndipo akamwachia Jussara abonyeze mwenyewe. Mstari wa kijani ulitambaa. Kompyuta za shule zilikuwa kuukuu na mstari ulichukua dakika arobaini nzima. Neide alitoa jezi kwenye mfuko akawa anakata nyuzi. Mvua nyembamba ya Agosti ilipiga dirishani. Mstari ulipokaribia pale uliposimama jana, Neide aliuweka mkasi chini. Ukapita. Ukafika mwisho.

"Limekamilika!" Jussara aliruka.

"Limekamilika kutoka. Kama ni lile lile, bado hatujui," alisema Mwalimu. "Mjomba wako hakuacha maandishi yoyote kwenye folda?"

Kulikuwa na faili dogo la maandishi ambalo Jussara hakuwahi kulifungua. Walilifungua kwenye kompyuta ya pili, kwa ile diski ya kando. Gilvan alikuwa ameandika ukubwa wa faili lake mpaka baiti ya mwisho, na chini yake mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana.

"Kaka yangu kumbe si mjinga," alisema Neide.

"Hii tunaiita alama ya faili," Mwalimu alieleza. "Kompyuta inalisoma faili zima na kulifupisha kuwa mstari huu. Likibadilika hata kidogo, mstari unakuwa mwingine kabisa. Nitaiambia kompyuta ipige alama ya hili letu, kisha tulinganishe. Vânia, soma ya mjomba kwenye skrini ile. Jussara, fuata hii mpya kwa kidole."

Ukubwa ulilingana. Wakaanza alama. Vânia alisoma kwa sauti kama mtu anayetaja matokeo ya bahati nasibu. "Nne. C. Saba. Saba. A. Sifuri. B..."

"Nane," alisema Jussara. Alikibana kidole mahali pale. "Hapa kuna nane."

Vânia aliisoma tena, ikawa B. Neide akasogea karibu. Jussara alihisi machozi yakimpanda upya. Basi limepotea, aliwaza, limepotea kweli, na kesho kutwa mjomba atapiga simu.

Mwalimu Lucinete alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena na kusogea kwenye skrini ya Vânia mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Binti yangu," alisema, "hii si B. Hii ni nane yenye uchafu juu yake. Nani amekula jibini hapa?"

"Ni wewe, Mwalimu!" walisema wasichana kwa pamoja.

Wakaifuta skrini, wakaanza tena tangu mwanzo. Herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, mpaka ya mwisho kabisa. Zote zililingana. Neide alifanya ishara ya msalaba, na Vânia, bila kufikiri, akamshika Jussara mkono.

Diski waliichoma kwa mwendo wa polepole kabisa, kwa kuwa Mwalimu alisema mashine kuukuu hazipendi diski iliyoandikwa kwa haraka.

*

Saa kumi jioni waliingia klabuni, wote wanne. Zuleide alikuwa akipanga vikombe, wanakamati wawili walikuwa wakivuta waya, na Mzee Anísio alikuwa akifagia. Jussara hakungoja diski iwekwe. Alijua kwamba mchezo ukishawaka, kila mtu atafurahi na maneno yake yatakuwa mepesi.

"Naomba kusema," alisema. "Mashine haikuharibiwa na Vânia. Mimi nililibana faili la Mjomba Gilvan bila ruhusa, nikafuta lile zima. Niliponyamaza, yeye akalaumiwa. Mzee Anísio, nisamehe. Nisameheni wote."

Mzee Anísio aliegemeza ufagio kifuani na kumwinamishia kichwa kukubali, mara moja, taratibu. Zuleide aliweka kikombe mezani.

"Na mimi nilihukumu kabla ya kuuliza," alisema, akimtazama binti yake. "Vânia, lile neno la sabuni nalirudisha. Koti la mtu hutashika kesho."

"Mbele ya watu umelitamka, mbele ya watu umelirudisha," alisema Vânia. "Sawa, Mama. Sasa wekeni diski, nakufa."

Nembo ikatokea. Nyota ya njano, tofali jekundu. Jussara alihesabu moyoni. Nembo ikayeyuka, na pale kwenye televisheni kukawa na kiwanja cha Olaria, mteremko wake, nguo zake kwenye ukuta. Vânia alishika padi ya kuchezea. Timu zikaingia. Kisha sauti nene, ya furaha, yenye mkwaruzo kidogo, ikajaza ukumbi wote:

"Mchana mwema, Olariaaa! Jua kali, uwanja umeinama, mbwa yuko ndani, na mwamuzi ni shemeji yake kipa! Tunaanza!"

Ufagio ulianguka. Mzee Anísio alikwenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja chake juu ya spika na kukiacha hapo. Vânia alicheza kama hajawahi kucheza. Dakika ya tatu akafunga, na ile sauti ikapanda, ikapanda zaidi, ikakataa kushuka, goli refu lisilokwisha, mpaka majirani wakatoka kwenye milango yao ng'ambo ya barabara wakidhani sherehe imeanza.

Mzee aliandika kitu. Maandishi yalikwenda upande: *Nilikuwa napiga kelele kiasi hiki?*

"Zaidi ya hiki, Mzee!" alisema Zuleide akijipangusa macho. "Hapo Gilvan amekupunguza!"

Mabega ya Mzee Anísio yalianza kutikisika. Alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti mpaka ikabidi aketi, na Jussara akacheka naye, akahisi kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu Jumatano.

Sherehe ya Jumamosi ilikuwa na kelele, keki ya muhogo na vumbi. Vânia alifika fainali akafungwa na muuza samaki wa soko, mwanamke wa miaka hamsini ambaye hakuna aliyejua kwamba anacheza. Mjomba Gilvan, meli yake ilipofika bandari yenye mtandao, alituma ujumbe kwamba amesikia yote, kwamba amekasirika kidogo, na kwamba yeye pia alikosea kuweka kitu cha thamani mahali pamoja tu kwa miaka yote hiyo.

Jussara alimkuta Mwalimu Lucinete pembeni ya meza ya keki, akamwonyesha diski mbili alizozichoma asubuhi hiyo. Moja ilikuwa ya shule, nyingine ya Mzee Anísio mwenyewe.

"Umezijaribu?" aliuliza Mwalimu.

"Kwenye mashine yenyewe, Mwalimu. Zote mbili."

"Vema." Mwalimu aliitia ile ya shule kwenye mkoba. "Nikuambie kitu, Jussara. Usilibane faili la mtu bila kumwuliza, na usifute la kwanza kabla ya kuhakikisha kwamba la pili linafanya kazi pale linapohitajika. Hayo ya kompyuta utayajua tu, una akili. Lakini fikiri hili. Faili lako lilirudi kama lilivyokuwa ndani ya dakika arobaini, hakuna kilichopotea. Zile siku mbili ambazo Vânia alibeba lawama yako, hizo hatuna programu ya kuzirudisha. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku ile ile. Kosa linalosemwa mapema huwa na watu wengi wa kulitengeneza. Ukilificha, unabaki nalo peke yako, na mwingine anaumia."

"Nimeelewa, Mwalimu."

Ng'ambo ya ukumbi Vânia alikuwa akimpungia mkono kwa nguvu. Kulikuwa na padi moja isiyo na mtu, na alikuwa amemshikia nafasi.